Dubu mwenye tai na mti unaopita mara tatu: nani amesema katuni za zamani ni upuuzi?

Jioni, mbele ya kibanda cha kuchaji simu mjini Goma, vijana wanasimama wakingoja zamu yao. Mmoja anafungua video ya zamani. Dubu mnene mwenye kofia na tai shingoni anakimbia, mkononi ameshika kikapu cha chakula cha watu. Nyuma yake unapita mti, kisha jiwe, kisha kichaka. Halafu mti ule ule, jiwe lile lile, kichaka kile kile. Vijana wanaangua kicheko, lakini hawamcheki dubu. Wanaicheka picha. «Ona, mti mmoja umepita mara tatu! Watu hawa hawakujua hata kuchora.» Mzee aliyeketi pembeni, ambaye alikuwa anatabasamu tangu dubu alipofungua kinywa, anakunja uso na kunyamaza, kama mtu aliyekamatwa akila chakula cha watoto.

Mzee yule hakupaswa kunyamaza. Kicheko kile kimebeba uongo ambao umeanza kuzoeleka hapa mashariki mwa Congo: kwamba hadithi bila picha nzuri si hadithi, na kwamba picha nzuri ni mali ya wenye pesa. Uongo huo unawagharimu watoto, na zaidi watoto wa familia zilizohama vita. Kila siku wanaambiwa kwamba kwao hakuna umeme, hakuna skrini, kwa hiyo hakuna hadithi. Historia ya dubu yule mwenye tai inasema kinyume kabisa.

Pesa zilipokwisha

Dubu huyo anaitwa Yogi. Alizaliwa Marekani mwaka 1958, ndani ya kipindi cha televisheni cha mbwa wa rangi ya buluu aitwaye Huckleberry Hound, na mwaka 1961 akapata kipindi chake mwenyewe. Waliomtengeneza ni William Hanna na Joseph Barbera. Hawakuwa wanafunzi hao. Kuanzia mwaka 1940 walikuwa wametengeneza Tom na Jerry, paka na panya ambao hadi leo watoto wa Goma na Bukavu wanawajua kwa majina, na katika studio ya MGM filamu hizo zilipata tuzo 7 za Oscar. Anayesema hawakujua kuchora ajiulize kwanza tuzo hizo zilitolewa kwa ajili gani.

Katuni za Tom na Jerry zilitengenezwa kwa majumba ya sinema. Filamu inapitisha picha 24 kwa kila sekunde, hivyo dakika 7 ni picha zaidi ya 10,000. Wachoraji walichora mikono, mikia na masharubu, tena na tena, hadi mnyama aonekane anaishi. Filamu moja fupi ilikula makumi ya maelfu ya dola. Kisha televisheni ikaingia majumbani, watu wakapunguza kwenda sinema, na mwaka 1957 MGM ikafunga studio yake ya katuni. Mafundi wenye Oscar 7 wakabaki bila kazi.

Hanna na Barbera hawakukimbia risasi, na shida yao haiwezi kulinganishwa na ya watu wa Masisi au Rutshuru. Lakini swali lililowakuta wahami wanalijua vizuri: mtu afanye nini na ufundi wake wakati vifaa vyake vimebaki nyuma? Fundi cherehani aliyeacha cherehani kijijini anajiuliza swali hilo kila asubuhi. Mwalimu asiye na ubao anajiuliza vile vile. Kwa wachoraji hao wawili jibu lilikuwa kazi ya televisheni, ambayo ilikuwa tayari kulipa karibu dola 3,000 kwa katuni ya dakika 5. Kwa pesa hizo, Tom asingeweza hata kuvuka chumba.

Basi wakapunguza. Dubu akivaa kola na tai, mwili wake hauhitaji kuchorwa upya kila anaposema. Mwili unabaki pale pale, kinachobadilika ni kichwa juu ya kola, na mara nyingi ni mdomo peke yake. Ndiyo sababu Yogi ana tai ingawa hana shati. Akikimbia, picha ya nyuma inazungushwa, na mti ule ule unarudi. Kwa hiyo vijana wa kibanda waliona vizuri: mti umepita mara tatu. Walichokosea ni kusema umepita kwa ujinga. Umepita kwa sababu hapakuwa na pesa za mti wa pili. Mama anayepika sombe bila mawese wala samaki hajasahau kupika. Amepika kwa kilichopo, na watoto wamelala wameshiba.

Na watoto wa Marekani walishiba. Mwaka 1960 kipindi cha Huckleberry Hound kilipata tuzo ya Emmy, na ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo ya televisheni kupewa kipindi cha katuni. Mbwa yule hakuwa shujaa. Kila kipindi alijaribu kazi mpya: leo polisi, kesho mzima moto, siku nyingine mkulima. Alianguka, akapigwa, akadanganywa, kisha akaimba wimbo wake kwa sauti isiyolingana na muziki, akaendelea na safari. Hakukasirika. Familia ngapi leo hii zinaishi maisha ya mbwa huyo, kazi mpya kila juma, bila hata kumjua?

Radio yenye picha

Pale picha ilipopunguzwa, kitu kingine kililazimika kubeba mzigo. Kitu hicho kilikuwa sauti, na hapa ndipo wasikilizaji wa radio wanapaswa kutega sikio.

Hanna na Barbera waliwategemea hasa watu wawili, Daws Butler na Don Messick. Butler alikuwa sauti ya Yogi na ya Huckleberry Hound pia. Messick alikuwa sauti ya Boo-Boo, dubu mdogo rafiki wa Yogi, na pia ya Smith, mlinzi wa mbuga anayemfukuza Yogi kila siku. Maana yake ni kwamba katika ugomvi ule wote wanasikika watatu, dubu mkubwa, dubu mdogo na mlinzi, lakini mbele ya mikro wamesimama watu wawili tu. Mtoto hakujua, wala hakuhitaji kujua.

Wengi wa mafundi hao wa sauti walilelewa na radio. Mel Blanc, sauti ya sungura Bugs Bunny na bata Daffy Duck, alikuwa mtu wa radio, na aliendelea kusikika katika kipindi cha Jack Benny kwa miaka mingi. June Foray alianza kuigiza radioni akiwa bado msichana. Baadaye, mwaka 1959, akawa sauti ya Rocky, kindi anayeruka, rafiki wa paa mkubwa mpole aitwaye Bullwinkle. Huko radioni watu hao walijifunza jambo moja: kumwonyesha mtu mlango, njaa, uoga na kicheko bila kumwonyesha kitu chochote kwa macho.

Kuhusu Mel Blanc kuna habari moja inayosimuliwa mpaka leo. Mwaka 1961 alipata ajali mbaya ya gari mjini Los Angeles, akapoteza fahamu kwa siku nyingi. Familia ilimwita, daktari alimwita, hakujibu. Hatimaye daktari akajaribu njia nyingine: akamsalimu Bugs Bunny, si Mel. Na mgonjwa akajibu, kwa sauti ya sungura. Anayesema wanyama hao walikuwa mchezo wa kujaza muda aitafakari habari hiyo kwanza.

Si kila mtu aliwasifu. Chuck Jones, bingwa wa kuchora aliyewapa watu Coyote na ndege wake Bip Bip, alizidharau katuni za televisheni za siku hizo. Alisema hizo ni radio iliyowekewa picha tu. Alikusudia tusi. Lakini katika nchi ambayo radio ndogo yenye mawe mawili ndiyo inayofika Walikale, Fizi na Minova, tusi hilo ni sifa. Radio iliyowekewa picha maana yake ni kwamba picha ikiondolewa, radio inabaki.

Vijana wa kibanda wafanye jaribio dogo. Wachukue katuni ya Yogi, iwe ya Kifaransa au ya Kiingereza, kisha walaze simu kifudifudi na kusikiliza. Hadithi inaendelea. Anajulikana nani mjanja, nani mwoga, nani amekasirika, nani ameshika kikapu. Kisha wachukue moja ya zile video mpya za rangi kali ambazo watoto wadogo wanapewa ili wanyamaze, nazo wazilaze kifudifudi. Mara nyingi kinachobaki ni kelele na muziki unaojirudia. Ipi kati ya hizo mbili imetengenezwa vibaya?

Kwa nini wanyama waseme

Wapo wazazi wanaosema katuni hizo zinafundisha wizi, kwa sababu Yogi anaiba vikapu vya chakula. Wapo na wahubiri wanaosema mnyama anayesema ni mambo ya uchawi. Hawa wa mwisho wanajibiwa na Biblia yao wenyewe. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, punda wa Balaamu anafunguliwa kinywa na kumwambia bwana wake ukweli ambao bwana huyo, pamoja na elimu yake yote, hakuuona. Punda aliona malaika, nabii hakumwona. Hapo hapakuwa na uchawi. Mnyama amepewa kusema kile ambacho mtu hathubutu au hataki kusema.

Wazazi wanaoogopa wizi nao wamtazame Yogi mpaka mwisho. Anaishi ndani ya mbuga iitwayo Jellystone, jina la mzaha lililotolewa kwenye Yellowstone, mbuga ya Marekani iliyoundwa mwaka 1872. Watalii wanaingia na vikapu vilivyojaa, wanaketi kwenye majani, wanakula. Dubu, mwenyeji wa pale, anaambiwa asiguse. Mlinzi wa mbuga ana sheria, kofia na filimbi. Msomaji wa Rutshuru au wa Nyiragongo, aliyekua kando ya mbuga ya Virunga iliyoundwa mwaka 1925, hahitaji kuelezwa ugomvi kati ya mwenye njaa na mlinzi wa mbuga. Anaujua kwa ngozi yake. Katuni haisemi dubu ana haki. Kila mara Yogi anakamatwa, na kila mara Boo-Boo, yule mdogo, anamwonya mapema kwamba mlinzi hatafurahi. Sauti ya dhamiri imewekwa kinywani mwa mdogo, na mkubwa hasikii. Hilo si fundisho la wizi. Hilo ni fundisho la wakubwa wasiosikia.

Vile vile kuna Top Cat, paka wa mwaka 1961 anayeishi na genge lake kwenye kichochoro cha New York, kitandani mwake ni pipa la takataka. Polisi Dibble anakuja kila siku kuwaamuru wasafishe mahali au waondoke. Paka wanamjibu kwa adabu na ujanja, wanacheka, na kesho yake bado wapo. Mtoto ambaye familia yake imeambiwa «ondokeni hapa» mara tatu kwa mwaka mmoja anaelewa kichekesho hicho kuliko mtoto aliyelala kitanda kimoja tangu azaliwe. Angeambiwa habari hiyo kuhusu watu, ingemliza. Kwa sababu ni paka, anacheka kwanza, kisha anafikiri. Hiyo ndiyo kazi ya mnyama anayesema: anaweka umbali kidogo kati ya mtoto na kidonda chake, ili kidonda kiweze kutazamwa.

Sungura aliyevuka bahari

Jambo hili wazee wa hapa walilijua kabla ya televisheni. Sungura mdogo anayemshinda simba kwa maneno, fisi mlafi anayeponzwa na tumbo lake, kobe anayefika kabla ya mwenye mbio: mtoto gani wa Kivu wa zamani hakulala na wanyama hao masikioni? Na wanyama hao hawakukaa huku peke yao. Watu wengi waliokamatwa pwani ya Kongo na Angola waliuzwa utumwani Marekani, na wengi waliofikishwa South Carolina walitoka sehemu hizo. Walinyang'anywa vyote, hata majina. Hadithi hazikunyang'anywa, kwa sababu zilikaa kichwani.

Mwaka 1880 Joel Chandler Harris, mwandishi wa gazeti wa Georgia, mzungu, alichapisha kitabu cha hadithi alizozisikia kwa watu waliokuwa watumwa. Mhusika mkuu ni sungura, mdogo na mjanja, anayewazungusha mbweha na dubu. Katika moja ya hadithi hizo sungura ananaswa kwenye sanamu ya lami. Afrika hadithi hiyo ilikuwepo tayari, na sungura hunaswa kwa ulimbo kando ya kisima. Wachunguzi wengi wa hadithi wanakubali kwamba sungura yule alikuja Marekani ndani ya meli za watumwa.

Hakuna anayesema wachoraji wa California walikaa chini wakanakili hadithi za Afrika. Lakini sungura mjanja asiyeogopa bunduki ya mwindaji tayari alikuwa amekomaa katika masikio ya Wamarekani wakati Bugs Bunny alipotokea mwaka 1940. Na katuni ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya televisheni, mwaka 1950, shujaa wake alikuwa nani? Sungura. Aliitwa Crusader Rabbit, mdogo na jasiri, na rafiki yake mwoga alikuwa chui milia mkubwa. Kwa hiyo mtoto wa Congo anayecheka mbele ya sungura wa Marekani haombi kwa jirani. Anasalimiana na ndugu aliyepelekwa mbali kwa nguvu.

Kosa lisifichwe

Kuzipenda katuni hizo hakumaanishi kufumba macho. Katika Tom na Jerry za zamani kuna mfanyakazi wa nyumbani mweusi, mama anayeonekana miguu tu, anayesemeshwa kwa namna ya dhihaka. Katuni nyingine za miaka ya 1930 na 1940 ziliwachora watu weusi midomo mikubwa na akili ndogo. Ubaya huo ulikuwa wazi kiasi kwamba mwaka 1968 kampuni ya United Artists iliziondoa katuni 11 za Warner zisionyeshwe tena kwenye televisheni. Wapo wapenzi wa mambo ya kale wanaosema huo ulikuwa utani wa wakati ule. Haukuwa utani kwa waliochorwa. Anayesifu zamani bila kusema hilo anawadanganya watoto wake.

Biashara nayo ilikuwepo. Kipindi cha Huckleberry Hound kililipiwa na Kellogg's, kampuni ya nafaka za asubuhi, na wanyama wale wale waliomchekesha mtoto walimshawishi pia aombe chakula cha kampuni hiyo dukani. Kwa hiyo hakuna malaika katika habari hii. Lakini makosa hayo yanafundisha kitu chenye uzito: sauti inayoingia sikioni mwa mtoto haitoki bure. Inajenga au inabomoa.

Mikro moja, njia mbili

Sehemu hii ya Afrika haihitaji mwalimu wa jambo hilo. Mwaka 1994, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, radio RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, na watu wakauawa kama wadudu. Radio hiyo ilikuwa na muziki mzuri, vichekesho na watangazaji wenye sauti tamu. Ilichukua mtu, ikamgeuza mnyama, ili iwe rahisi kumuua. Na mchezo huo haujaisha. Leo, katika simu zile zile za kibandani, kuna sauti zinazotumwa kutoka kundi hadi kundi zikiwaita majirani nyoka, panya, magugu ya kung'olewa. Watoto wanazisikia. Hakuna anayeuliza kama sauti hizo zina picha nzuri. Zinafanya kazi yake bila picha.

Katuni za dubu na sungura zilikwenda njia ya pili, iliyo kinyume. Zilichukua mnyama zikampa utu: aibu, njaa, urafiki, hofu ya mlinzi, hamu ya kusifiwa. Mtoto aliyejifunza kumhurumia dubu mwenye njaa atachelewa kidogo kumwita mwenzake mende. Na fisi wa hadithi hana kabila. Akisimuliwa na bibi wa Masisi, akasikilizwa na mtoto wa Kalehe, wote wawili wanamcheka fisi, hawachekani.

Kwa hiyo swali linawageukia wenye mikro. Katika miji na vijiji vya Kivu na Ituri radio za jamii ni nyingi. Mchana kutwa zinatoa matangazo ya biashara, nyimbo, salamu, habari za mapigano, na ujumbe wa mashirika: nawa mikono, chanja mtoto, usiokote chuma usichokijua. Ujumbe huo ni wa lazima, hakuna anayeupinga. Lakini kipindi cha watoto kiko wapi? Ukiuliza, jibu ni moja: hakuna mfadhili, hakuna vifaa. Jibu hilo halisimami. Yogi alisimama juu ya watu wawili na mikro. Radio gani ya hapa haina watu wawili na mikro?

Congo yenyewe ina mfano wake. Katika miaka ya 1950, chini ya Wabelgiji, padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni fupi za Mboloko, yule paa mdogo wa msituni ambaye katika hadithi nyingi za nchi hii anashika kiti cha sungura. Zilitengenezwa na mmisionari kwa macho ya wakati ule, na zinastahili kuulizwa maswali. Lakini zinaonyesha kwamba mnyama wa hadithi za Congo aliwahi kusimama kwenye skrini kabla hata Yogi hajazaliwa. Kisha akaja Mkongomani mwenyewe: Jean-Michel Kibushi, aliyeanzisha Studio Malembe Maa mwaka 1988, na mwaka 1991 akatoa filamu ya katuni kuhusu chura anayekwenda kutembelea wakwe zake. Chura! Hakungoja dubu wa watu. Alichukua mnyama wa hadithi za kwao akampeleka ukweni, mahali ambapo kila Mkongomani anajua jasho linavyotoka.

Njia iko wazi basi. Dakika 10 kila jioni kabla ya habari, wakati watoto wamerudi kuteka maji na giza linaingia. Watu wawili wenye sauti nne. Kifuniko cha sufuria kwa ngurumo, majani makavu kwa nyayo, bidoni tupu kwa ngoma ya mfalme simba. Hadithi ziko kwa bibi na babu waliohama pamoja na wajukuu wao. Wengi wao leo wanaketi mlangoni pa turubai bila kuulizwa neno, kana kwamba walichobeba kichwani hakina bei. Waulizwe, wasikilizwe, na walipwe hata kidogo, kama walivyolipwa Butler na Messick. Ufundi haupewi tu soksi mpya ya msaada ukaambiwa asante.

Tahadhari moja kwa mashirika yatakayotaka kusaidia: yasimgeuze sungura kuwa mhubiri. Watoto hawakumpenda Yogi kwa sababu alisoma kanuni za mbuga. Walimpenda kwa sababu alizivunja, akakamatwa, na wao wakaona mapema kwamba atakamatwa. Fisi akikataa kunawa mikono na tumbo likamuuma mbele ya wakwe, somo limeingia. Sungura akisimama kusoma ujumbe wa shirika kwa dakika 3, mtoto amezima radio.

Na yule mzee wa kibandani? Kesho jioni simu zitachajiwa tena, na vijana watarudi. Dubu atakimbia, mti utapita mara tatu, kicheko kitatoka. Safari hii mzee asinyamaze. Aichukue simu, ailaze kifudifudi juu ya meza, awaambie wasikilize. Kisha, dubu akimaliza kusema, aanze yeye: kulikuwa na sungura na fisi, na mwaka huo njaa ilikuwa kali. Aone kama kuna kijana mmoja atakayeuliza picha iko wapi.